Kambi ya roboti likizo ya Juni, wanafunzi 24 wa sekondari: tununue nini na siku 10 tuzipangeje?

Mwl_Kihonda

Habari za humu wakuu. Tunaandaa kambi ya roboti na uhandisi likizo ya Juni hapa Morogoro. Wanafunzi watakuwa 24, kidato cha tatu na cha tano, wale wanaofanya vizuri sana kwenye fizikia na hisabati, wakiwemo wachache wanaorudi likizo kutoka shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Tuna siku 10 za kazi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Tulicho nacho ni maabara ya fizikia yenye meza nane ndefu, laptopu 10 (sita bado zina Windows 7), multimita nne, vyuma viwili vya kulehemu, na intaneti ya simu tu. Umeme hukatika mara kwa mara. Fedha zinatosha roboti nane hadi kumi ndogo za magurudumu mawili, si zaidi ya hapo.

Lengo ni kila kundi limalize likiwa na roboti inayofuata mstari mweusi na kukwepa kizuizi njiani. Naomba msaada kwenye haya:

1. Ubao wa kuendeshea roboti (kompyuta ndogo inayobeba programu) uwe Arduino Uno au ESP32?
2. Wanafunzi wangapi kwa roboti moja?
3. Betri ile ya mraba ya volti 9 inatosha? Dukani wanasema inatosha.
4. Waombaji wameshafika 70. Tuwachuje vipi bila kuangalia matokeo ya mitihani peke yake?

FundiSaketi

Mwalimu, naanza na swali la tatu kwa sababu ndilo litakaloamua kama kambi itakwenda au itakwama siku ya pili.

Betri ya mraba ya volti 9 usinunue hata moja kwa ajili ya mota. Volti inazo, mkondo hauwezi. Mota moja ya njano aina ya TT, ile ya uwiano 1:48, ikizunguka hewani hula kama miliampea 150 hadi 200. Inapoanza kuondoka, au gurudumu likizuiwa, hupanda hadi karibu ampea 1. Mota mbili zikiondoka pamoja volti inaporomoka, Arduino inazimika, mota zinasimama, volti inarudi juu, programu inaanza upya, mota zinaondoka, inazimika tena. Kwa macho utaona roboti inatetemeka mahali pamoja. Wanafunzi werevu ndio watakaoumia zaidi hapo, kwa kuwa watakesha wakitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa lolote.

Tumia seli mbili za 18650 kwa mfululizo: volti 7.4 kwa kawaida, 8.4 zikijaa. Seli iliyoandikwa mAh 9900 iache dukani, maandishi hayo ni ya uongo. Seli nzuri za ukubwa huo ziko kati ya 2,000 na 3,500. Njia rahisi ya kuzishtukia ni mizani ya jikoni: seli halisi ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na ikiwa na gramu 25 au 30 ujue ndani kuna nafasi tupu.

Draiva ya mota, yaani ubao unaopeleka umeme wa betri kwenye mota kwa amri ya Arduino, lazima iendane na betri. Ile ya kawaida, L298N yenye kipoza joto cheusi, hupoteza karibu volti 2 njiani. Kwa betri ya 7.4 mota inapata kama 5.4, na hapo ni pazuri kwa sababu mota za TT ni za volti 3 hadi 6. Lakini ukiilisha L298N kwa betri nne ndogo za kuchajiwa (4 × 1.2 = 4.8) mota itabakiwa na 2.8 tu na itanguruma bila kuondoka. Draiva ya TB6612FNG haipotezi karibu chochote, ni ndogo na haichemki; ukiitumia na seli mbili zilizojaa, weka kikomo cha 180 kati ya 255 kwenye analogWrite (amri ya kupanga kasi ya mota) ili mota isipate zaidi ya volti 6. Pia kumbuka pini yake ya STBY (ya kuiamsha) lazima ipewe volti 5, la sivyo haitafanya kitu na mtadhani imeungua.

Kwa kambi ya kwanza ningechukua L298N, sababu ina skrubu za kukazia waya na inavumilia makosa. Mambo mawili yanayosumbua kwenye L298N: vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ENA na ENB (pini za kasi) lazima vitolewe kama unataka kudhibiti mwendo, vikibaki mota zinakimbia kasi yote, na GND (upande hasi) ya draiva, ya betri na ya Arduino lazima zikutane. Nusu ya "roboti imeharibika" mtakazoletewa zitakuwa waya wa GND uliosahaulika.

Servo ya SG90, ile mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayotaka, usiilishe kutoka pini ya 5V ya Arduino. Ikikwama hula zaidi ya nusu ampea, na kirekebisha volti cha Uno kinachemka hadi hakishikiki. Nunua moduli ndogo ya kushusha volti, LM2596, moja kwa kila roboti. Kabla ya kuunganisha chochote kwenye upande wake wa kutoka, pima kwa multimita huku ukizungusha skrubu ya shaba hadi isome 5.0. Zinakuja zikiwa zimewekwa popote. Ukiunganisha bila kupima unaweza kuipa servo volti zote za betri.

Swali la kwanza: Uno. ESP32 ni nzuri na ina nguvu zaidi, lakini inafanya kazi kwa volti 3.3, na sensa ya umbali ya HC-SR04 inarudisha volti 5 kwenye waya wa Echo. Itabidi kila kundi lifunge vipingamizi viwili, kilo-omu 1 na 2, kugawanya volti. Ni somo zuri kwa juma la pili, si kwa siku ya pili. Uno ya volti 5 inasamehe.

Mpangilio wa pini usiwaachie wachague, uwe mmoja kwa roboti zote, uandikwe ubaoni na kubandikwa kila meza: ENA 5, ENB 6, IN1 2, IN2 4, IN3 7, IN4 8 (IN ni pini za mwelekeo wa mota), servo 9, Trig 12, Echo 11, kitufe 10, sensa za mstari A0 hadi A4, kipimo cha betri A5. Sababu ya ENA na ENB kuwa 5 na 6 ni hii: maktaba ya Servo kwenye Uno huua analogWrite ya pini 9 na 10. Kundi likiweka mota kwenye 9, itakwenda vizuri siku nne, na siku mnapoongeza servo gurudumu moja litagoma. Pini 0 na 1 ziachwe wazi, ndizo zinazoongea na kompyuta.

Idadi: nunua vya roboti nane, na vipuri hivi. Mota 16 za kazi na 8 za akiba, kwa kuwa vile vibati vya shaba vya kulehemea waya kwenye mota za TT hukatika kwa kuvutwa mara mbili tatu tu. Lehemu waya zote kabla ya kambi, kisha funga waya kwenye mwili wa mota kwa kifungo cha plastiki na tone la gundi ya moto ili mvuto usifike kwenye kile kibati. Uno 8 na 3 za akiba. L298N 8 na 3. HC-SR04 8 na 4. SG90 8 na 4, meno yake ni ya plastiki na watoto wataigeuza kwa mkono hata ukiwakataza. Sensa za mstari za moduli ya tano-kwa-moja 8 na 2. Seli 32, yaani 16 ziko kazini na 16 ziko kwenye chaji. Waya za jampa 40 kwa kila roboti. Fyuzi ya ampea 3 na kishikio chake kwa kila roboti, na swichi moja ya kuzimia inayofikika kwa kidole.

Dada_Mekatroniki

Naunga mkono karibu yote ya FundiSaketi. Naongezea upande wa watu, maana vifaa vikiwa sawa na watu wakapangwa vibaya bado siku 10 zinapotea.

Mwalimu, roboti nane kwa watatu-watatu. Nimeona hoja ya wawili-wawili kwenye mijadala mingine, lakini hiyo inadai roboti 12 na laptopu 12, na hamna. Wanne ni wengi mno, mmoja atakuwa mtazamaji. Watatu wape kazi tatu zenye majina: wa programu, wa waya, na wa vipimo. Wa vipimo ndiye anayeshika multimita na daftari. Kazi zizunguke kila asubuhi na ziandikwe ukutani. Bila hivyo, kufikia siku ya tatu mvulana anayejiamini zaidi ndiye mwenye laptopu na msichana ndiye mwandishi wa kundi, na itabaki hivyo hadi mwisho. Daftari nalo liwe la kweli: saa, dalili, kilichopimwa, kilichobadilishwa. Badiliko moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mawili na roboti ikapona, hujui ni lipi limeiponya.

Kuchuja waombaji 70. Kambi ya Beaver Works Summer Institute ya MIT kule Marekani, iliyoanza 2016 na magari madogo yanayojiendesha, ina utaratibu mzuri wa kuiga: kabla ya majuma manne ya kambi, waombaji hupewa kozi ya bure mtandaoni, na bidii yao kwenye kozi ni sehemu ya kuwapima. Ninyi fanyeni hivyo kwa karatasi. Toeni kijitabu cha kurasa kumi chenye mazoezi ya amri nne tu, MBELE, KUSHOTO, KULIA, RUDIA, kwenye miraba sita kwa sita. Wape majuma mawili. Zoezi la thamani kuliko yote ni lile unalotoa orodha ya amri 14 yenye kosa moja, na mwanafunzi aonyeshe roboti itapotelea mraba upi na kwa nini. Wengi wenye alama za juu huandika orodha mpya nzima badala ya kutafuta kosa kwenye ile waliyopewa. Hiyo inakuambia kitu.

Waliobaki 40 waje kwa dakika 12 kila mmoja. Mezani weka betri, swichi, balbu na waya mbili ambazo moja imekatika ndani ya ganda lake, haionekani kwa macho. Mpe multimita na umwonyeshe mara moja jinsi ya kupima mwendelezo. Usitoe alama kwa kuwasha balbu. Toa alama kwa mpangilio: je, anagawanya saketi nusu kwa nusu, au anagusagusa popote? Je, anakumbuka alichokwisha kupima? Mwanafunzi wa namna hiyo atafaa kambini hata kama fizikia ana B. Meza mbili za usaili, siku moja inatosha.

Siku zenyewe. Msianze na hotuba ya nini maana ya roboti. Siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana kila kundi liwe limewasha taa ya pini 13 kwa programu yake, na kabla ya saa 10 liwe limezungusha mota moja mbele na nyuma. Siku ya pili fremu na mota mbili, roboti itembee mita mbili. Haitakwenda moja kwa moja, itapinda, kwa kuwa hakuna mota mbili za TT zinazolingana. Waacheni wapime: mita mbili mbele, imepinda sentimita ngapi upande gani, kisha wapunguze kasi ya gurudumu moja. Siku ya tatu HC-SR04, ya nne na ya tano mstari.

Siku ya sita ndiyo naipenda kuliko zote na ndiyo inayorukwa na kambi nyingi: siku ya hitilafu. Asubuhi kabla hawajafika, wasimamizi wanaharibu kila roboti kwa njia tatu kati ya hizi nne. Waya wa GND uliochomolewa nusu, kifuniko cha ENA kilichorudishwa, nambari moja ya pini iliyobadilishwa kwenye programu, seli moja iliyochoka. Kila kundi lipone kwa daftari, si kwa kubahatisha. Uhandisi wenyewe uko hapo. Kuunganisha waya kwa kufuata picha mtu yeyote anaweza.

Siku ya saba na ya nane kizuizi juu ya mstari, ya tisa majaribio, ya kumi mashindano. Kwenye mashindano kila roboti iende mara tatu na mhesabu wastani wa mbili bora. Ukihesabu mara moja tu, atashinda mwenye bahati. Na adhabu ya kuigusa roboti iwe sekunde 10.

Jambo la mwisho, msisahau barua za ridhaa za wazazi, na mwanamke mmoja mtu mzima awepo muda wote kwa ajili ya wasichana.

KompyutaLab_Nairobi

Mwalimu, kuhusu laptopu za Windows 7: Arduino IDE 2 (programu ya kuandikia na kupakia amri za ubao) haitakubali, inataka Windows 10 ya biti 64. Weka toleo la 1.8.19, ndilo la mwisho la ule mkondo wa zamani, na linafanya kazi vizuri kwenye mashine dhaifu. Weka hilohilo kwenye laptopu zote 10 ili picha za skrini mnazowaonyesha zifanane.

Pakua kila kitu juma moja kabla na uweke kwenye flashi mbili: kisakinishi, draiva ya CH340 (hii ni programu, si ile draiva ya mota), maktaba mnazotumia, na faili za mifano. Uno nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kuongea na USB, na bila draiva yake kompyuta haitaona ubao kabisa. Jaribu kila laptopu na kila ubao, kisha andika nambari ya bandari ya COM kwa kalamu ya kudumu kwenye kibandiko. Msitegemee intaneti ya simu asubuhi ya siku ya kwanza, vijana 24 wakifungua kurasa kwa pamoja hakuna kitakachopakuka.

Mkiamua kununua Nano (ubao mdogo wa Arduino) badala ya Uno, kuna mtego: nyingi zinagoma kupokea programu hadi uende kwenye Processor na kuchagua ATmega328P (Old Bootloader). Na kebo za Nano ziangaliwe moja moja, zipo nyingi za kuchajia tu ambazo hazina waya za data ndani. Uno na kebo yake nene ya mraba haina shida hiyo.

Hifadhi ya kazi: mwisho wa siku kila kundi linakopi programu yake kwenye flashi kwa jina la kundi na tarehe. Umeme ukikatika na laptopu yenye betri iliyokufa, angalau kazi ya jana ipo.

Mwl_Kihonda

Asanteni sana, mmenifungua macho hasa kwenye usaili na siku ya hitilafu. Betri za mraba tumeziondoa kwenye orodha.

Tumeunda roboti moja ya mfano kwa mpangilio wa pini wa FundiSaketi. Ina mambo matatu. Asubuhi inafuata mstari vizuri, ikifika saa 7 mchana inapotea kwenye kona zilezile. Pili, kwenye kona kali gurudumu la ndani, badala ya kupunguza mwendo, linakurupuka kasi yote na roboti inazunguka. Tatu, tangu tuongeze HC-SR04 inasimama njiani kana kwamba kuna kizuizi, na hakuna kitu mbele. Tatizo ni sensa au programu?

Mhandisi_Tanga

Mwalimu, la kwanza ni jua, la pili na la tatu ni programu. Tuyachukue moja moja.

Sensa za mstari aina ya TCRT5000 hutoa mwanga wa infraredi na kupima unaorudi. Jua lina infraredi nyingi. Saa 7 mchana mwanga wa dirishani unapiga sakafu, sensa inaona weupe hata juu ya tepu nyeusi. Hamisha uwanja mbali na dirisha au funga pazia, kisha kata kipande cha kadibodi nyeusi uzungushe moduli ya sensa kama sketi fupi inayokaribia sakafu bila kuburuza. Moduli yenyewe iwe milimita 3 hadi 8 kutoka chini. Ikiwa sentimita 2, hakuna programu itakayoiokoa. Uwanja uwe ubao mweupe usiong'aa au karatasi kubwa nyeupe. Vigae na terazo huakisi ovyo. Tepu nyeusi ya fundi umeme, ile ya milimita 19 hivi, inafaa, ila ikandamize vizuri, mikunjo yake inang'aa na kusomeka kama nyeupe.

Pia msitumie kiwango kimoja cha kudumu, mfano "zaidi ya 500 ni nyeusi". Kila inapowashwa, roboti ipitishwe kwa mkono juu ya mstari kwa sekunde 5 huku programu ikihifadhi thamani ndogo na kubwa ya kila sensa kati ya zile tano. Halafu kila usomaji ubadilishwe kuwa 0 hadi 1000 ndani ya mipaka hiyo. Hapo tofauti ya asubuhi na mchana inapungua sana, na tofauti kati ya sensa na sensa inaisha.

Gurudumu linalokurupuka: nakuhakikishia kasi mmeitangaza kama `byte`. Aina hiyo haijui hasi. Hesabu ikitoa −20, inahifadhiwa kama 236, na 236 kati ya 255 ni karibu kasi yote. Tumia `int`, kisha kabla ya kuipeleka kwenye analogWrite ipitishe kwenye constrain (amri ya kubana namba ndani ya mipaka) kati ya 0 na 255. Mkitaka gurudumu la ndani lirudi nyuma kwenye kona kali, angalieni alama ya hasi, mgeuze IN1 na IN2, halafu mpeleke thamani chanya.

Kusimama bila kizuizi: pulseIn (amri inayopima muda wa mwangwi) isipopata mwangwi ndani ya muda wake inarudisha 0. Programu yenu bila shaka inasema "umbali ukiwa chini ya 15, simama", na 0 ni chini ya 15. Kwa hiyo 0 itafsiriwe kuwa njia ni wazi. Na msiiache pulseIn na muda wake wa kawaida, ambao ni sekunde 1 nzima. Waya wa Echo ukilegea, roboti inayokwenda sentimita 40 kwa sekunde itatembea sentimita 40 ikiwa kipofu, haisomi mstari wala chochote. Mnahitaji kuona hadi nusu mita tu. Mwangwi wa sentimita 50 huchukua mikrosekunde 50 × 58 = 2,900, hivyo andikeni `pulseIn(11, HIGH, 4000)`. Pimeni mara moja kila milisekunde 60 kwa kutumia millis (saa ya ndani ya ubao), katikati sensa za mstari ziendelee kusomwa. Neno delay (amri ya kusubiri) lisionekane popote ndani ya loop (sehemu ya programu inayojirudia).

Sasa kurekebisha mfuatio wenyewe, kwa sababu hapo ndipo makundi yatakapokaa muda mrefu. Zipe sensa tano uzito wa −2, −1, 0, 1, 2 na upate wastani, hilo ndilo kosa, yaani roboti imetoka kiasi gani katikati ya mstari. Kasi ya msingi iwe 110, mzunguko wa programu uwe wa kudumu, milisekunde 10. Usahihishaji una namba tatu: Kp huzidisha kosa la sasa, Kd kasi ya kosa kubadilika, na Ki jumla ya makosa yaliyopita. Anza na Kp peke yake, tuseme 20, Kd na Ki zikiwa 0. Panda tano tano hadi roboti ianze kuyumba kushoto na kulia kwenye mstari ulionyooka. Hapo ongeza Kd kidogo kidogo hadi kuyumba kutulie. Ki iacheni 0, kwenye kufuata mstari kwa roboti hizi huleta madhara kuliko faida. Kisha pandisheni kasi kwa 10 na mrudie. Kundi linaloanza na kasi 200 halitajua kama tatizo ni Kp au ni roboti kukimbia kuliko sensa zake.

Kabla ya yote hayo kila kundi litafute mwanzo wa mwendo wa kila mota: analogWrite gani ndiyo ya kwanza kuizungusha gurudumu likiwa chini, si hewani. Mara nyingi ni kati ya 60 na 90, na ya kushoto hailingani na ya kulia. Chini ya hapo mota inalia tu.

Na sensa zote tano zikiona nyeupe, roboti isisimame. Ikumbuke mstari ulionekana upande gani mara ya mwisho na igeukie huko. Hiyo ni mistari minne ya programu na inaokoa kona nyingi.

FundiSaketi

Mhandisi amemaliza la programu. Naongezea kitu kimoja kinachosaidia kutenganisha kosa la umeme na kosa la programu: mwanzoni mwa setup (sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja ubao ukiwaka), taa ya pini 13 iwake na kuzima polepole mara tatu. Roboti ikiwa njiani na taa hiyo ikaanza tena kuwaka mara tatu, ubao umejizima na kuwaka upya, basi acheni programu, shikeni multimita. Dawa ya kwanza ni kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 16 kwenye VCC na GND za draiva (mguu wenye mstari mweupe uende GND), na kapasita ndogo ya kauri ya nanofaradi 100 ilehemiwe moja kwa moja kwenye miguu miwili ya kila mota.

Pini A5 niliiacha kwa ajili ya betri. Vipingamizi viwili vya kilo-omu 10, kati yao waya uende A5. Betri iliyojaa itasomeka volti 4.2, ndani ya uwezo wa Uno. Jumla ikishuka chini ya 6.4, programu izime mota na kuwasha taa haraka haraka. Seli ya lithiamu ikishushwa chini ya volti 3 inaharibika, na wanafunzi hawatakumbuka kuangalia.

Kuchaji nako mpange mapema. Seli zitolewe kwenye roboti na zichajiwe kwenye chaja yenye nafasi tofauti kwa kila seli. Ile moduli ndogo ya TP4056 ni ya seli moja tu, usiiunganishe kwenye seli mbili za mfululizo. Zipe seli namba kwa jozi, 1A na 1B, 2A na 2B, zisitengane hadi mwisho wa kambi. Seli iliyojaa ikikaa na iliyochoka, iliyochoka ndiyo itakayoumia. Meza ya chaji iwe ya saruji au yenye kigae, ndoo ya mchanga iwe karibu, na kuwe na mtu mmoja anayewajibika nayo. Hakuna kuchaji usiku bila mtu. Kwa kuwa umeme wenu hukatika, zile jozi nane za akiba zijazwe zote jioni kabla hamjafunga maabara, ndipo ziondolewe kwenye chaja. Seli iliyobonyea, yenye ganda lililochanika au inayopata joto ikiwa imekaa tu, itolewe siku hiyohiyo. Kambi ikiisha, kabla ya kuzihifadhi zishusheni hadi volti 3.7 au 3.8 kila moja. Zikikaa zimejaa hadi Desemba zitapoteza sehemu ya uwezo wake.